Jina la Mazimbu

Kijana aliyekuwa na miaka 17 Soweto, Afrika Kusini, ilipolipuka kwa maandamano ya wanafunzi, tarehe 16 Juni 1976, leo amepita miaka 65. Baadhi ya vijana wa kizazi kile waliivuka mipaka, wakapita nchi za jirani, safari ikawafikisha Morogoro. Huko Mazimbu, kwenye shamba la zamani la mkonge ambalo serikali ya Tanzania iliwapa ANC, chama cha ukombozi cha Afrika Kusini, mwaka 1977, ilijengwa shule iliyopewa jina la Solomon Mahlangu, kijana wa miaka 22 aliyenyongwa Pretoria tarehe 6 Aprili 1979. Wenyewe huiita SOMAFCO, kifupi cha jina lake la Kiingereza. Ilirudishwa kwa Tanzania Julai 1992, na leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo.

Waliosoma pale wamezeeka. Wengine wako Johannesburg, wamestaafu ualimu, jeshi au kazi za serikali, wanalea wajukuu. Ukikaa nao utaona kwamba wakikutana wawili, mazungumzo hayachelewi kurudi Mazimbu: mabweni, joto, ugali, safari za sokoni mjini, Kiswahili walichookota kwa mafundi na akina mama wa Morogoro. Watoto wao huchoka haraka na habari hizo. Nawaomba wasichoke, na sababu ninayo.

Watu waliovuka miaka 40 wakiulizwa juu ya maisha yao, matukio wanayoyakumbuka hayatawanyiki sawasawa. Yanarundikana kati ya umri wa miaka 10 na 30. Ukiichora hesabu hiyo, mstari huinuka mahali hapo kama nundu ya ng'ombe wa kienyeji, na tafiti za nchi mbalimbali zimeikuta nundu hiyohiyo. Wataalamu wanatoa maelezo zaidi ya moja. Ndio umri wa mambo ya mara ya kwanza, na jambo la kwanza hushika kuliko la kumi. Ndio umri ambao mtu hujijua yeye ni nani. Basi mzee anayerudi kwenye nundu hajapotea njia. Mwaka 1963 daktari wa akili wa Marekani, Robert Butler, aliwapinga waliodhani kwamba kusimulia ya zamani ni dalili ya akili kuchoka. Yeye aliona ni kazi halisi ya uzeeni: mtu anayapitia maisha yake, anayapima, anatafuta namna ya kupatana nayo.

Kazi hiyo ni nzito kwa mtu asiye na shahidi. Aliyezeekea kijijini kwake ana dada, ana jirani, ana mwembe alioupanda mwenyewe. Aliyekulia uhamishoni hana. Mama yake hakumwona akiwa na miaka 20. Ndugu zake walibaki miaka mingi bila kujua kama yu hai. Isitoshe, wengi uhamishoni walitumia majina ya bandia ili wapelelezi wa makaburu wasizifikie familia zao nyumbani. Kwa hiyo ujana wa mtu huyu ulipita kwa jina ambalo mkewe wa leo pengine halitumii, na wanaolijua vizuri ni wale waliolala naye bweni moja. Siku mwenzake wa mwisho akizikwa, jina hilo halina tena wa kuliita.

Ndiyo maana simu ya mwanachuo mwenzake naihesabu kuwa sehemu ya afya ya mzee. Mwaka 2010 Julianne Holt-Lunstad na wenzake walikusanya tafiti 148 zenye watu zaidi ya 300,000, wakakuta kwamba wenye mahusiano imara walikuwa na nafasi ya kubaki hai iliyozidi ya wapweke kwa takriban asilimia 50. Lakini mahusiano imara si wingi wa watu. Laura Carstensen wa Chuo Kikuu cha Stanford ameonyesha kwamba kadiri mtu anavyohisi muda wake unapungua, ndivyo anavyowaachia wa mbali na kuwashika wa karibu. Kundi la WhatsApp la watu 200 linafaa kwa matangazo ya misiba. Wawili watatu wanaopigiana simu bila sababu wanafaa zaidi.

Misiba yenyewe ina neno lake. Johannesburg huzika Jumamosi asubuhi, na kwa wazee wengi wa uhamishoni mazikoni ndipo wanapoonana. Wanaimba nyimbo za zamani, wanakumbatiana, kisha kila mtu na gari lake. Wakutane na siku nyingine, mchana, mahali patulivu. Masikio yakipungua, ukumbi wenye spika humfukuza mzee kabla hajachoka na watu. Baadhi ya wanaosemwa kuwa wamejitenga, tatizo lao ni kutosikia, na wanaona haya kusema.

Kuna deni lingine ninalolifikiria sana. Kati ya mwaka 1990 na 1992, wakati wa kurudi nyumbani, baadhi ya wanaume waliacha wake na watoto Morogoro. Wapo walioitwa baadaye, wapo wasioitwa. Watoto hao sasa ni watu wazima, na huenda jina la baba walilonalo ni lile la bandia, ambalo si rahisi kulipata kwenye madaftari ya serikali ya Afrika Kusini. Mtoto wa namna hiyo akipiga simu, "Shikamoo mzee, namtafuta baba yangu," atakayeweza kumjibu ni mwanachuo mwenza.

Basi wanapokutana waje na daftari. Safu ya kwanza waandike jina la Mazimbu. Safu ya pili waandike jina la nyumbani, na mtaa, awe hai au amekufa. Safu ya tatu waandike jina la mama aliyebaki Morogoro, kama yupo anayelikumbuka. Baadhi ya wanaoyajua majina hayo bado wanakaa Soweto na Alexandra, vitongoji vya Johannesburg, mwendo wa teksi moja au mbili kati ya mmoja na mwingine.