Je, Wajua: Arifa ya Simu Hupimwa kwa Herufi, Saa na Mtetemo

Katika stendi ya Rongo, kaunti ya Migori, mwendesha bodaboda akishamfikisha abiria hakuna risiti inayoandikwa. Abiria anabonyeza simu yake, wote wawili wanangoja, na punde simu ya mwenye pikipiki inatetema mfukoni. Anaitoa, anaitupia jicho, anawasha pikipiki na kwenda zake. Kwa jicho hilo moja ameona kiasi alicholipwa, jina la aliyelipa na salio lake. Kipande hicho cha maandishi kiitwacho arifa kinaonekana chepesi, lakini kimepigiwa hesabu kali kuliko wengi wanavyodhani.

Hesabu ya kwanza ni ya herufi. Mwaka 1985 mhandisi Mjerumani Friedhelm Hillebrand aliketi mbele ya taipureta yake mjini Bonn, akawa anaandika sentensi na maswali ya kila siku huku akihesabu herufi. Karibu zote zilienea ndani ya herufi 160. Ujumbe mfupi haukutengenezewa njia yake: ulipenyezwa katika njia ya ishara, ile ambayo mnara na simu huitumia kuambiana kwamba kuna mtu anapiga. Nafasi iliyopatikana humo ni baiti 140, na kila herufi ikichukua biti 7, zinaingia 160 kamili. Ujumbe wa kwanza ulitumwa Uingereza tarehe 3 Desemba 1992, Neil Papworth alipomtakia mwenzake Krismasi njema kutoka kwenye kompyuta. Kwa sababu ya njia hiyo ya ishara, hadi leo meseji huingia kwenye kabambe, ile simu ya kawaida, hata kama haina bando kabisa.

Kikomo hicho kina mtego unaowagusa sana watu wa Nyanza. Alfabeti ya biti 7 inaitambua alama ya ritifaa iliyonyooka, lakini haiijui ile iliyopinda ambayo kompyuta nyingi huiweka zenyewe. Mtu akiandika jina la Ochieng’ au neno ng’ombe kwa ritifaa iliyopinda, ujumbe wote unahamishiwa mfumo wa biti 16, na kikomo kinaporomoka kutoka herufi 160 hadi 70. Meseji iliyokuwa moja inakatwa vipande viwili au vitatu, na taasisi inayotuma kwa maelfu inalipia kila kipande.

Safaricom ilipozindua M-Pesa mwezi Machi 2007, ujumbe wa uthibitisho ndio uliokuwa risiti, daftari na shahidi kwa pamoja. Mpangilio wake Wakenya wanaujua kwa moyo: namba ya muamala yenye tarakimu na herufi 10, neno la kuthibitisha, kiasi, jina, tarehe na saa, kisha salio. Namba hiyo yenyewe inasomeka. Herufi ya kwanza hufuata mwaka, ya pili mwezi na ya tatu siku, kwa hiyo muamala unaoanza na TGK ni wa tarehe 20 Julai 2025. Matapeli wanaotuma meseji za uongo huiga mpangilio huo huo, ila ujumbe wao huja kutoka namba ya mtu binafsi badala ya jina la huduma, na salio halisi halibadiliki.

Simu za kisasa zilileta njia nyingine. Apple ilifungua huduma yake ya kusukuma arifa mwaka 2009, na Google ikafuata mwaka 2010. Kabla ya hapo kila programu ilipaswa kuuliza seva yake mara kwa mara kama kuna jipya, na chaji ikaishia humo. Sasa simu huweka muunganisho mmoja tu na seva za Google au Apple, na programu zote zinapitishia habari zao hapo. Simu ikiwa imetulia kwa muda mrefu, Android hulaza shughuli nyingi na kuziamsha kwa vipindi. Arifa ya kawaida inaweza kungoja, ile iliyowekewa kipaumbele cha juu inapita mara moja.

Njia ilipokuwa rahisi, kila mtu akaitaka. Ofa, mkopo, mechi ya jioni, rafiki aliyebadilisha picha: vyote vikaanza kulia kwa sauti moja na ile meseji ya malipo. Mwaka 2017 Android 8 ikawalazimu watengenezaji kuzigawa arifa zao katika mikondo, ili mteja aweze kunyamazisha matangazo ya benki bila kuzima taarifa za fedha zinazotoka. Mwaka 2021 Apple ikaweka ngazi nne za dharura. Mwaka 2022 Android 13 ikaitaka kila programu mpya iombe ruhusa kabla ya kutuma arifa ya kwanza.

Je, arifa ngapi zinatosha? Mojawapo ya majibu bora lilipatikana katika kituo cha afya cha Chulaimbo, kaunti ya Kisumu. Watafiti waliwagawa kwa kura watu wazima 431 waliokuwa wameanza dawa za kupunguza makali ya virusi vya ukimwi. Baadhi hawakutumiwa kitu. Wengine walipata meseji ya kukumbushwa kila siku, wengine mara moja kwa wiki. Kuna waliopata maneno machache, na kuna walioongezewa ya kuwatia moyo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2011. Katika wiki 48, waliokumbushwa kila wiki na wakameza angalau asilimia 90 ya dawa zao walikuwa asilimia 53, dhidi ya asilimia 40 kwa wasiokumbushwa. Waliokumbushwa kila siku hawakuwashinda wasiopata meseji yoyote, na yale maneno ya ziada hayakuongeza kitu.

Mlio wa kila siku huzoeleka. Sikio linausikia, mkono unaufuta, akili haijagutuka. Wa kila wiki bado una ugeni wa kumfanya mtu asimame na kujiuliza kama amemeza.

Utafiti mwingine wa Kenya, uliochapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2010 na timu ya Richard Lester, unagusa swali la pili: ni nani mwingine anaiona arifa hiyo? Wagonjwa 538 wa kliniki za Nairobi na Kajiado walishiriki, na nusu yao walitumiwa kila wiki neno moja, “Mambo?” Walitakiwa kujibu “Sawa” au “Shida” ndani ya saa 48, na aliyesema shida, au aliyekaa kimya, alipigiwa simu na mhudumu. Walioulizwa hivyo walizingatia dawa vizuri zaidi, asilimia 62 dhidi ya 50. Meseji haikutaja ugonjwa, dawa wala kliniki. Katika kaunti ya Homa Bay, ambako uchunguzi wa kitaifa wa 2018 ulikuta asilimia 19.6 ya watu wazima wakiishi na virusi, na ambako simu moja inaweza kupita mikononi mwa mume, mke na watoto, neno lisilofichua kitu ni kinga. Kanuni hiyo ndiyo inayopaswa kutawala kile kinachojitokeza kwenye skrini iliyofungwa.

Saa janja imeupunguza uwanja zaidi. Pebble ilichangiwa zaidi ya dola milioni 10 na umma mwaka 2012, Apple Watch ikaingia sokoni Aprili 2015, na leo saa za bei nafuu zinaonekana hata katika maduka ya simu ya miji midogo. Nyingi hazijitegemei: hupokea kwa Bluetooth kile ambacho simu imeshakipata, na umbali ukizidi mita kadhaa zinabaki kuonyesha saa tu. Kwenye Apple Watch arifa huja kwa hatua mbili. Mkono ukiinuliwa linatokea jina la programu na kichwa cha habari. Ukiendelea kushikwa juu, maelezo yanafunguka. Mtetemo nao una mashine yake. Katika simu za zamani ni mota ndogo yenye kipande cha chuma kilichoegemea upande mmoja, kikizunguka kinaitikisa simu nzima. Katika saa nzuri ni uzito unaosogezwa huku na huko kwa sumaku, unaoweza kugonga mara moja tu kisha ukatulia, hivyo mvaaji hutofautisha simu inayoita na meseji bila kuangalia.

Arifa ngumu kuliko zote katika kaunti za Homa Bay na Migori ni ile ya ziwani. Inakadiriwa kuwa watu 3,000 hadi 5,000 hufa maji katika Ziwa Victoria kila mwaka, na dhoruba za usiku ni miongoni mwa sababu. Mchana nchi kavu hupata joto upesi na mvua za radi hujengeka juu yake. Usiku ziwa ndilo lenye joto, upepo wa pande zote hukutana katikati yake na mawingu hupanda kwa nguvu. Mwaka 2016 na 2017 mwanasayansi wa Ubelgiji Wim Thiery na wenzake walionyesha, kwa picha za satelaiti, kwamba radi za alasiri nchi kavu zinaweza kubashiri dhoruba ya usiku ziwani. Mradi wa HIGHWAY, ulioanza 2017 chini ya Shirika la Hali ya Hewa Duniani kwa fedha za Uingereza, uliziunganisha idara za hali ya hewa za eneo hili, na kamati za BMU zinazosimamia bichi zikawa kiungo cha kuwafikia wavuvi.

Chukua mfano wa kubuni: “ONYO: Upepo mkali na mawimbi ya mita 2 kati ya Sori na Muhuru Bay, saa 8 usiku hadi 12 asubuhi. Mashua ndogo zisiondoke leo jioni. Uliza BMU yako.” Ni herufi 146 pamoja na nafasi, zinaingia katika meseji moja ya kabambe. Mahali pametajwa kwa majina ya bichi badala ya nyuzi za ramani. Saa imeandikwa kama watu wanavyoitamka, maana “2:00” kwa mwingine ni saa mbili. Kitendo kimesemwa waziwazi. Kilichobaki ni wakati wa kutuma. Wavuvi wa omena hutia mashua majini kabla ya giza, ili taa ziwe zimewashwa usiku unapoingia, na dalili za satelaiti hukusanyika alasiri hiyo hiyo. Kati ya dalili hizo na mashua ya kwanza kuondoka Sindo, Litare au Sori kuna saa chache tu, na ni ndani ya saa hizo ambapo ujumbe lazima uandikwe, uhakikiwe, utumwe na usomwe.