Je, Wajua? Siri Iko Kwenye Dadu

Je, wajua kwamba idadi ya dadu hubadilisha hadithi yenyewe? Dungeons & Dragons, mchezo wa kuigiza wahusika mezani uliotolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson, hutumia dadu yenye pande 20. Kila namba ina nafasi ya asilimia 5, kwa hiyo hata bingwa huweza kuumbuka.

Apocalypse World (2010), mchezo mwingine wa aina hiyo wa Vincent na Meguey Baker, hutumia dadu mbili za kawaida. Ukipata jumla ya 10 au zaidi, umefaulu. 6 kushuka chini, mambo yanaharibika.

Utamu hasa uko kwenye 7 hadi 9: mlango unafunguka, lakini mlinzi naye anaamka. Matokeo hayo yana njia 15 kati ya 36 za dadu hizo mbili kuangukia.