Mzizi Peke Yake Haumkuzi Mtoto

Shinyanga na Geita ni nchi ya viazi vitamu na muhogo. Wasukuma hukata viazi vibichi na kuvianika vikawa michembe, au huvichemsha kwanza ndipo wakavianika vikawa matobolwa. Nayo ni akiba ya miezi ya njaa. Basi si ajabu mtoto atimizapo miezi 6, maziwa ya mama yasipomtosha tena peke yake, tonge lake la kwanza likatoka katika mizizi hiyo. Jambo hilo ni jema, lakini lina masharti.

Kwanza, kichaguliwe kiazi chenye nyama ya rangi ya chungwa. Hicho humpa mtoto vitamini A, iliyo kinga ya macho na maradhi. Kiazi cheupe kinayo kidogo mno. Mwaka 2016 Robert Mwanga wa Uganda na wenzake 3 walipewa Tuzo ya Chakula ya Dunia kwa kazi ya kukuza mazao ya namna hiyo. Na kiwe kimechimbwa karibuni, maana vitamini hiyo hupungua kiazi kikianikwa na kuwekwa muda mrefu.

Pili, muhogo mchungu una sumu. Mwaka 1985, wakati wa ukame, watu wa Tarime walipooza miguu kwa kula muhogo usioandaliwa sawasawa, wengi wao wakiwa wanawake na watoto.

Tatu, na kubwa kuliko yote, mzizi usisimame peke yake. Uji mwepesi wa muhogo hushibisha tumbo, haujengi mwili. Kiazi na kipondwe kiwe laini na kizito, kisitiririke kijikoni. Kitiwe dagaa waliosagwa, maharage au karanga, mboga za majani na mafuta kidogo. Vijiko 2 au 3 vya chakula, mara 2 au 3 kwa siku, vyatosha kuanzia, huku mtoto akiendelea kunyonya hadi miaka 2 au zaidi.

Ndugu wachimbaji, mama aliyeshinda akiponda mawe asibebeshwe mzigo huu peke yake. Fedha ya dagaa na itoke mfukoni mwa baba pia. Naye aliyeshika zebaki asimguse mtoto wala chakula chake kabla ya kunawa na kubadili nguo. Udumavu ukimpata mtoto kabla ya miaka 2, ni vigumu kuuondoa baadaye. Dhahabu iliyokosekana leo itatafutwa kesho. Siku za mtoto kukua hazingoji.