Mgomba si mti: somo la biolojia lenye faida shambani

Soko la Kadutu halikosi ndizi: za kupika, za kuiva, na zile za kutengeneza kasiksi. Lakini ukiuliza kama mgomba ni mti, ni rahisi mtu ajibu ndiyo. Mwanafunzi anayejitayarisha kwa Exetat anapaswa kujua kwamba si mti. Mkulima wa Kabare ao Walungu naye anapaswa kujua, sababu kosa hilo linaweza kumpotezea shamba.

Mti iko na mbao ndani. Kata mgomba: hakuna mbao, kuna maganda ya majani yaliyofungana, moja juu ya lingine, yamejaa maji. Kile tunachoita shina ni majani tu. Shina la kweli liko chini ya udongo. Ni lile tunguu kubwa lenye kutoa mizizi na machipukizi. Ndiyo maana mgomba ukiisha kuzaa unakufa, lakini watoto wake wanaendelea.

Katika kupanga mimea, mgomba ni wa jenasi Musa. Uko katika kundi la monokotiledone, pamoja na mahindi, miwa na mianzi ya mlima Kahuzi. Kundi la pili ni dikotiledone, kama maharagi na mapera. Kuwatofautisha si kazi ngumu. Panda punje ya hindi: inatoa jani moja la kwanza. Mbegu ya haragi inagawanyika vipande viwili. Tazama pia majani: mishipa ya hindi inakwenda sambamba, ya pera inafanya kama wavu. Mizizi ya hindi ni kama ndevu, haragi iko na mzizi mmoja mkubwa wa katikati.

Sasa, shambani hii inasaidia nini?

Mwaka 2001, ugonjwa wa mnyauko bakteria ulionekana Masisi, Kivu ya Kaskazini, kisha ukafika hata Kivu ya Kusini. Majani yanakuwa ya manjano, ndizi zinaiva mbele ya wakati, na ukikata, usaha wa manjano unatoka. Bakteria hizo zinapita ndani ya mishipa inayobeba maji ya mmea. Zinaingia kupitia ua dume, lile la rangi ya zambarau chini ya mkungu, fasi wadudu wanatua. Zinaingia pia kwa panga lililokata mgomba mgonjwa.

Kwa hiyo, chane ya mwisho ikiisha kutokea, vunja ua dume kwa kijiti chenye panda, usitumie panga. Mgomba mgonjwa ukatwe karibu na udongo, kisha panga lipitishwe kwenye moto mbele ya kugusa mwingine. Si lazima kung'oa kisiki chote: mara nyingi machipukizi mengine ya tunguu lile lile yanabaki mazima. Endelea kuyachunguza, na yenye kuonyesha dalili yakatwe mara moja. Ila usichukue machipukizi ya shamba lenye ugonjwa kwenda kupanda fasi ingine.