Njia ya Maji Haisahau: Nasaha kwa Watu wa Pwani ya Kilwa na Lindi

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, Muumba wa bahari na nchi kavu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo.

Msafiri avukaye kwa mashua kutoka Kilwa Masoko kwenda Kilwa Kisiwani hupokewa kwanza na Gereza, ile ngome iliyosimama ukingoni mwa maji. Wareno walijenga ngome yao hapo mwaka 1505, na baadaye Waarabu wa Oman wakaijenga upya. Lakini msafiri huyo akitazama vizuri, ataona kwamba upande wa bahari ngome hiyo si nzima. Mawimbi yamekula msingi wake hata vipande vya kuta vikaanguka majini. Akiendelea mpaka Husuni Kubwa, kasri la wafalme wa karne ya 14 lenye hodhi la pembe nane, ataambiwa kwamba upande mmoja wa jengo unapungua kidogo kidogo, kwa kuwa mvua huosha udongo wa genge ambalo kasri limejengwa juu yake.

Magofu hayo ya Kilwa Kisiwani pamoja na ya Songo Mnara yalitiwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1981. Mwaka 2004 yakatiwa katika orodha ya urithi ulio khatarini, na miongoni mwa sababu ilikuwa ni bahari na mvua. Palifanywa kazi ya kuzitengeneza kuta na kuikinga pwani, na wenyeji wa kisiwa wakapanda mikoko ufukweni. Mwaka 2014, katika mkutano uliofanyika Doha, magofu hayo yakatolewa katika orodha ile ya khatari. Khabari hiyo ni njema. Lakini sisi tunaoishi katika pwani hii yafaa tujiulize: ikiwa mawe ya wafu yamepata watu wa kuyatetea mbele ya bahari, nyumba za walio hai zitatetewa na nani?

Maji yamebadilika

Wazee wa Lindi walikuwa wakitusimulia kimbunga cha mwezi wa Aprili 1952, kilichoupiga mji wao, kikaezua mapaa na kuua watu. Walikisimulia kama jambo la ajabu, ambalo mtu huliona mara moja katika umri wake. Watoto wetu wa leo hawana ajabu hiyo. Januari 2020 mafuriko yaliingia katika vijiji vya Wilaya ya Kilwa. Roho zikapotea, na maelfu ya watu wakakosa makazi. Kisha tarehe 4 Mei 2024 kikaja kimbunga kilichoitwa Hidaya. Kilifika Mafia, na mvua zake zikamwagika katika pwani yetu mpaka barabara ya kutoka Dar es Salaam kuja Lindi ikakatika Somanga na penginepo, na abiria wakakwama njiani, hawana mbele wala nyuma.

Wataalamu wa hali ya hewa wanatwambia kwamba dunia imepata joto zaidi ya digrii moja kuliko ilivyokuwa kabla ya viwanda kuenea, na kwamba uso wa bahari umepanda kiasi cha sentimita 20 tangu mwanzo wa karne iliyopita. Asili yake ni moshi wa makaa ya mawe, mafuta na gesi ambao mataifa makubwa wameuchoma kwa muda mrefu. Moshi huo umekuwa kama blanketi juu ya dunia, joto likiingia halitoki upesi. Hayo ndiyo waitayo mabadiliko ya tabianchi. Hapana shaka kwamba sehemu yetu katika dhambi hiyo ni ndogo sana. Lakini mawimbi hayaulizi nani aliyewasha moto. Nasi hatuna ruhusa ya kukaa barazani tukisema "ni kadari" na huku mikono yetu imefungwa.

Tumtazame Nabii Yusuf, amani imshukie. Alipofasiri ndoto ya mfalme wa Misri hakusema njaa inakuja basi ngojeni. Aliwaonyesha namna ya kulima na kuweka akiba katika miaka ya neema kwa ajili ya miaka ya dhiki. Huko ndiko kutawakali kwa mwenye akili: hutengeneza ghala kwanza, kisha humwachia Mola wake yaliyobaki.

Wazee walijua kujenga

Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, zama za Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyepewa lakabu ya Abul-Mawahib kwa wingi wa ukarimu wake. Akauhesabu mji huo katika miji mizuri, na akataja kwamba mvua zake ni nyingi. Basi wale watu walijengaje katika nchi ya mvua nyingi na jua kali, nao hawana mashine wala umeme?

Walijenga kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kuta nene ambazo joto la mchana hukawia kuzipenya. Vyumba vilikuwa vyembamba, kwa kuwa upana wake ulifuata urefu wa boriti za mikoko zilizobeba dari. Nyumba ilikuwa na ua ndani, hewa ikapita na wanawake wakafanya kazi zao katika stara. Katika miji yetu ya pwani vichochoro vilikuwa vyembamba, nyumba hii ikaitilia nyumba ile kivuli. Msikiti Mkuu wa Kilwa, ambao asili yake ni karne ya 11 au ya 12, ulikuwa na kisima na birika la kutawadhia, maji yakawa karibu na mwenye kuyahitaji. Na maskini, ambaye hakuwa na nyumba ya mawe, alijenga kwa miti na udongo akaezeka makuti; nyumba yake haikudumu sana, lakini ilikuwa baridi.

Hatusemi turudi katika karne ya 14. Matumbawe yaliyo hai hayafai kung'olewa tena baharini, kwa kuwa mwamba ndio unaovunja wimbi kabla halijafika pwani. Aliyepiga baruti kwa tamaa ya samaki na aliyeuchimba mwamba kwa tamaa ya chokaa, wote wawili wamebomoa ukuta wa mji. Tunalosema ni kwamba wazee walitazama jua linatoka wapi, kusi na kaskazi zavuma kutoka wapi, na maji yapita wapi, ndipo wakachimba msingi. Sisi twachimba msingi kwanza, kisha twaanza kulalamika.

Khabari ya Fatiha tuliyoisoma

Hapa yatulazimu tuseme lililo zito kwetu. Miaka michache kabla ya Hidaya, kijana mmoja ambaye watoto wake wasoma katika chuo chetu alitualika tumsomee Fatiha penye msingi wa nyumba yake. Kiwanja kilikuwa bondeni, kimenunuliwa kwa bei nafuu, na kijana alikuwa amedunduliza fedha zake kwa taabu. Bibi mmoja jirani, mtu mzima wa miaka mingi, akasogea akasema, "Mwanangu, hapa ndipo njia ya maji." Kijana akamjibu kwa adabu, "Bibi, shikamoo. Maji hayo yalikuwa ya zamani; siku hizi ni pakavu." Bibi akasema, "Njia ya maji haisahau," akaenda zake.

Sisi tuliyasikia maneno yale, na katika nyoyo zetu tulijua kwamba yule bibi amesema kweli, kwa sababu udogoni tulikuwa tukichezea maji pale pale. Lakini sinia la wali lilikwishafunuliwa, na kijana alikuwa na furaha, nasi tukaona haya kumvunja moyo. Tukasoma dua, tukala, tukaondoka. Mvua za Mei 2024 zilipokuja, maji yalipita katika nyumba ile dirisha kwa dirisha. Alhamdulillahi, watu walitoka salama. Lakini magodoro, cherehani, madaftari ya watoto na misahafu yao, vyote vilikwenda na tope. Kijana hakutulaumu. Huenda mpaka leo hajui kwamba tulijua.

Twayaandika haya si kwa kujisifu kwa kukiri, bali kwa sababu twaona makosa hayo si yetu peke yetu. Mwalimu, imamu, mzee wa mtaa, fundi na muuza kiwanja, kila mmoja hunyamaza kwa sababu yake, na maji huja yakasema kwa niaba ya wote. Sheria yetu ina kanuni mashuhuri kwamba haifai mtu kudhuru wala kudhuriana. Basi kumwuzia Mwislamu kiwanja cha mkondo na kumficha aibu yake ni ghushi, sawa na kuuza nguo yenye tundu kwa kuikunja upande mzuri juu. Na kumnyamazia mnunuzi ni kuisaidia ghushi hiyo.

Mikoko na ukuta

Baadhi ya watu husema: dawa ya bahari ni ukuta wa saruji. Ukuta una mahali pake. Serikali imejenga kuta za bahari Dar es Salaam na Pangani, na makavazi ya mawe yaliyofungwa kwa waya yafaa penye jengo lisiloweza kuhamishwa. Lakini ukuta una gharama kubwa, na una tabia moja: wimbi likiupiga hurudi kwa nguvu, likachimba mchanga wa chini yake na wa pembeni kwa jirani. Aliyejikinga peke yake humpelekea mwenziwe msiba.

Mikoko haifanyi hivyo. Mizizi yake hushika tope, wimbi likiingia kati yake huchoka likafika pwani halina nguvu. Hapo hapo huzaliana kamba, kaa na samaki wadogo ambao kesho ndio kitoweo. Juu ya hayo, miti hiyo na tope lake huhifadhi sehemu ya ule moshi unaoitia dunia joto. Pwani yetu ina neema kubwa ya mikoko, na kaskazini yetu kuna msitu mkubwa wa mikoko wa maingilio ya Mto Rufiji. Lakini tumeikata kwa boriti, kwa kuni za tanuri za chokaa na kwa kufungua mashamba ya chumvi. Anayetaka kuipanda tena naye ajue kwamba mikoko haipandwi ovyo. Kila mti una mahali pake: mlilana husimama mbele penye maji mengi, mkoko na mkandaa nyuma yake, na mahali ambapo njia ya maji ya bahari kuingia na kutoka imezibwa, miche hufa hata ikiwa elfu. Aghlabu ukifungua njia ya maji, mbegu huja zenyewe.

Lililo katika uwezo wetu

Huenda msomaji akasema: haya ni kazi ya serikali na wahandisi. Kweli, madaraja, mitaro mikuu na ramani za mji ni kazi yao, na haki yetu ni kuwadai kwa ustaarabu. Lakini yako mengi yasiyongoja ramani.

La kwanza, kabla ya kununua kiwanja, waulize wazee wawili watatu khabari za mvua kubwa walizoziona, na uende mwenyewe siku ya mvua ukatazame. La pili, inua msingi juu ya ardhi, na ukielekeze nyumba ili madirisha yapokee kusi na kaskazi, na kuta ndefu zisitazame jua la jioni. La tatu, bati ni zuri kwa mvua lakini ni tanuri kwa jua. Acha nafasi ya kupitisha hewa chini yake, au lipake rangi nyeupe, na utie mfereji wa kukusanya maji ndani ya tangi. Mvua ile ile inayotufurikia mwezi wa Aprili huwa twaililia mwezi wa Oktoba. La nne, usitupe taka katika mtaro. Mfuko mmoja wa plastiki hauzibi mji, lakini kila mtu akisema hivyo mji huzibika. La tano, panda mti wa kivuli, mwembe au mkungu, usioegemea nyumba.

Misikiti na vyuo vyetu navyo vianze. Msikiti wenye paa pana ukivuna maji ya mvua unaweza kuwatosheleza wenye kutawadha kwa siku nyingi, na Mtume wetu alitufundisha kutofanya israfu ya maji hata tukiwa kando ya mto unaopita. Na kama pana jengo lililo mahali pa juu na imara, lijulikane tangu leo kuwa ndipo watakapokimbilia kina mama, watoto na wagonjwa siku ya tufani, tusije tukaulizana usiku, na maji yamefika magotini.

Mtume, rehema na amani zimshukie, alipiga mfano wa watu katika jahazi: baadhi yao juu, na baadhi yao chini. Wa chini wakaona taabu kupanda kuteka maji, wakataka kutoboa sehemu yao wenyewe. Wakiachwa, wote huzama. Wakizuiliwa, wote huokoka. Sisi watu wa pwani hatuna haja ya kufasiriwa mfano huo. Anayekata mikoko, anayeziba mtaro, anayeuza mkondo, husema kwamba anatoboa fungu lake. Na jahazi ni moja.

Hidaya maana yake ni uongofu. Jina hilo alilipewa kimbunga na watu, lakini twaomba Mwenyezi Mungu alifanye liwe kweli kwetu. Yule kijana sasa anajenga tena, mahali pa juu. Alipotualika mara ya pili tulikwenda mapema kabla ya sinia, tukamtafuta yule bibi, tukamwomba atangulie yeye kupatazama. Akazunguka kiwanja taratibu na fimbo yake, akatazama mteremko, kisha akasema, "Hapa someni."

Tukasoma.

Wabillahi tawfiq.