Kitenzi "penda" katika somo la likizo

Vitabu vingi vya Kiingereza vya wanaoanza vina somo la likizo. Mwalimu huandika ubaoni majina ya mahali na ya shughuli, kisha huongeza "I like" na "I don't like", na darasa huanza kuulizana. Kwa mwanafunzi mwenye Kiswahili somo hili huonekana jepesi, kwa sababu hata mtoto mdogo anakijua kitenzi "penda". Wepesi huo ndio unaoleta makosa. Kitenzi hicho hufanya kazi nyingi kwa pamoja, ambazo Kiingereza kimezigawa.

Kabla ya kitenzi, jina lenyewe. "Holiday" ni likizo, na pia ni sikukuu. Maana ya pili ndiyo ya asili: ni "siku takatifu", jambo ambalo msemaji wa Kiswahili hulitambua upesi kwa kuwa naye ana "siku" na "kuu" katika neno lake. Kwa hiyo 7 Julai, Saba Saba ya Tanzania, ni "a public holiday", na mwezi wa kupumzika shule ni "the school holidays". Aliye likizoni yuko "on holiday", si "in holiday". Wamarekani husema "vacation" kwa likizo na kuiachia sikukuu "holiday". Tena Waswahili hula sikukuu: mtu huulizwa Krismasi au Idi atailia wapi. Mwanafunzi atakayesema "I ate Christmas in Moshi" hajakosea mawazo, ila kitenzi anachokihitaji ni "spent".

Vitabu vilivyotungwa Uingereza hujaza somo hili hoteli, ufuko na kambi ya mahema. Mwanafunzi wa Sumbawanga ambaye likizo ya Desemba humkuta kwa bibi, katika palizi ya mahindi, hana hata moja la kusema kwa kweli. Hulazimika kudai kwamba anapenda kuogelea katika bahari asiyowahi kuiona. Somo la kueleza hisia hugeuka zoezi la kukariri uongo, na sentensi isiyomhusu msemaji husahaulika mapema. "Weeding", "fetching water", "visiting my grandmother": maneno haya yatangulie, hoteli ifuate.

Sasa kitenzi. "Napenda" hueleza desturi ya moyo, lakini hueleza pia matakwa ya wakati huo, hasa katika lugha ya adabu: "Napenda kuwashukuru wageni wetu." Ndiyo maana hotuba nyingi za Kiingereza hufunguliwa kwa "I like to thank", maneno yanayomwonyesha msemaji kuwa mtu mwenye mazoea ya kushukuru. Katika somo la likizo kosa hujificha zaidi. "Unapenda kwenda wapi likizo hii?" ni swali la matakwa, na Kiingereza chake ni "Where would you like to go?" Bila "would", swali huwa la desturi. Njia rahisi ni kumwomba mwanafunzi ajaribu "ningependa" kwanza: ikiwa sentensi ya Kiswahili inakubali, Kiingereza kinadai "would like".

Kiambishi "-na-" nacho huleta "I am liking", kwa kuwa "ninapenda" na "ninasoma" huvaa vazi moja. Kiambishi cha yambwa huleta "I like it the sea" kutoka "naipenda bahari". Makosa haya mawili hurekebishika kwa mazoezi machache.

Linalofaa kufafanuliwa polepole ni "ku-". Kiingereza hukubali "I like to swim" na "I like swimming", lakini baada ya "enjoy", "dislike" na "don't mind" ni "swimming" tu. Mwanafunzi hapaswi kuliona umbo hilo kuwa geni. "Kuogelea" katika Kiswahili ni kitenzi, na ni jina pia, lenye upatanisho wake: kuogelea kwao kunafurahisha. Umbo la "-ing" ni "ku-" hiyo ya jina.

"Enjoy" ina mtego mwingine. "Tulifurahi" ni sentensi kamili, hivyo wengi Afrika Mashariki husema "We enjoyed" na kunyamaza. Kiingereza sanifu hungoja yambwa, kama "tulifurahia" inavyoingoja: "We enjoyed the trip", au "We enjoyed ourselves".

Upande wa kutopenda, tatizo ni uzito. Mwingereza husema "I hate packing" kwa wepesi, akiwa na maana kwamba kufunga mizigo kunamkera. Mfasiri akiandika "nachukia kufunga mizigo" atakuwa amemtia msafiri chuki isiyokuwamo. "Sipendi kabisa" yatosha. Kinyume chake, "I don't like your town" ni kauli kali kwa mwenyeji, na anayeanza hana silaha nyingine. Afundishwe mapema "not very much", ambayo ni "si sana" aliyoizoea, na "I don't mind" kwa jambo ambalo kwake ni sawa tu.

Makosa yote hayo huacha maana ikieleweka. Majibu ndiyo huigeuza. Katika Kiswahili "ndiyo" huthibitisha kauli iliyotolewa: "Hupendi bahari?" "Ndiyo, siipendi." Katika Kiingereza "yes" na "no" hufuata jibu lenyewe, si swali. Mgeni akimwuliza kijana "Don't you like the sea?", naye akajibu "Yes", mgeni ameelewa kwamba anaipenda, na huenda akamlipia nafasi katika mashua.

"Hata mimi" huteleza vivyo hivyo. Huitikia "napenda kupanda milima" na huitikia "sipendi baridi" bila kubadilika, ilhali Kiingereza husema "me too" kwa kauli ya kwanza na "me neither" kwa ya pili. Wanafunzi huzitofautisha wakipewa kauli za kukanusha kwa wingi, jambo ambalo vitabu hulifanya kwa uchache mno.

Kwa maswali ya kukanusha, dawa iliyo karibu ni kutolikubali jibu la neno moja darasani. Kila "yes" ifuatwe na "I do", kila "no" na "I don't". Akisema "Yes, I don't", masikio yake mwenyewe yatamrudisha kabla ya mwalimu.