Jenereta Yanguruma, Betri Hazichaji: Kwa Nini Inveta na UPS Hukataa Stima

Kaskazi iliyopita niliitwa Manda na mzee mmoja anayenunua samaki na kamba mawe kwa wavuvi, akawaweka kwenye friza mpaka boti ya kuwapeleka mjini ipatikane. Friza yake imeungwa kwenye inveta yenye betri za volti 24. Mchana sola inamsaidia, usiku huwasha jenereta ndogo ya petroli. Usiku wa kuamkia siku hiyo jenereta ilinguruma mpaka alfajiri. Asubuhi alipofungua friza, barafu imekuwa maji na kamba wameanza kunuka.

"Mwanangu, mashine imenguruma usiku kucha," aliniambia. "Stima yaenda wapi?"

Stima haikwenda popote. Inveta iliikataa. Friza iliendelea kula betri mpaka zikaisha, kisha inveta ikazima. Petroli iliyovushwa kwa boti ndani ya jerikeni iliungua bure. Fundi wa kwanza alikuwa amemwambia inveta ni mbovu, anunue nyingine. Kabla hujafuata ushauri kama huo, ni vizuri kujua kile kifaa kinafanya nini.

UPS ya kompyuta na inveta yenye chaja ndani ni ndugu. Kila moja ina mlango wa kuingizia stima, na mlangoni kuna mlinzi. Mlinzi huyo anapima mambo matatu muda wote: volti ni ngapi, hezi ni ngapi, na kama wimbi la stima limenyooka au limepindapinda. Kenya stima ya nyumbani inatakiwa iwe volti 240 na hezi 50. Ikitoka nje ya mipaka aliyowekewa, mlinzi anafunga mlango na vifaa vyako vinahamia kwenye betri. Ikirudi sawa, anasubiri kidogo kisha anafungua. Ule mlio wa "ka" unaousikia ndani ya boksi ni relei ikifungua au ikifunga. Ukisikia ka-ka-ka kila baada ya sekunde chache, inveta inakueleza kwamba stima unayoipa haitulii.

Taa kuwaka si ushahidi kwamba stima ni nzuri. Balbu ya LED hukubali karibu kila kitu. Ndiyo maana watu hubisha: "Mbona taa zawaka, na feni yazunguka?"

Tuanze na hezi, maana hapo ndipo jenereta ndogo hukwama sana. Jenereta nyingi za petroli zinazobebwa mkononi hutoa hezi 50 injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika. Ikizunguka 3,150, hezi ni 52.5. Ikifika 3,300, ni 55. Mafundi wengi hukaza springi ya gavana ili mashine "iwe na nguvu," na kweli volti zinapanda, lakini hezi nazo zinapanda. Baadhi ya UPS haziruhusu zaidi ya hezi 3 juu au chini ya 50, kwa hiyo jenereta ya namna hiyo itakataliwa hata ikiwa mpya kabisa. Na ikiwa kabureta ni chafu au petroli ina maji, injini hupumua juu chini, juu chini, na hezi zinacheza nayo. Hapo hata inveta mvumilivu hukata tamaa.

Jambo la pili ni mzigo, na hili ndilo lililomuua kamba wa mzee wetu. Inveta yake ilikuwa imewekwa ichaji betri kwa ampea 60. Piga hesabu: ampea 60 kwa volti 27 za kuchajia ni wati 1,620, na kwa kuwa chaja yenyewe hupoteza kiasi, inavuta karibu wati 1,800 kutoka kwenye jenereta. Jenereta yake imeandikwa wati 2,000. Ongeza friza, ambayo compresa yake ikianza kuzunguka huvuta mara kadhaa ya stima yake ya kawaida kwa kitambo kifupi. Tazama mzunguko wake: inveta inakubali stima, chaja inaanza kuvuta, injini inalemewa, volti na hezi zinaanguka, inveta inakataa. Mzigo ukiondoka jenereta inapata pumzi, volti zinarudi, inveta inakubali tena. Hivyo hivyo mpaka asubuhi. Nje unasikia mashine ikinguruma na kufikiri kazi inafanyika.

Kisha kuna waya, na kwetu visiwani hili halipewi uzito wake. Mtu hataki kelele wala moshi karibu na nyumba, kwa hiyo jenereta inawekwa mbali, na waya unaonunuliwa ni ule wa bei rahisi. Mita 60 za waya wa shaba wa milimita 1.5 mraba, kwenda na kurudi, zina upinzani wa karibu omu 1.45. Ukivuta ampea 10, volti 14 na nusu zinabaki njiani. Compresa ikianza na mzigo ukafika ampea 25 kwa kitambo, zinapotea volti 36. Jenereta yenyewe ikilemewa ikashuka hadi volti 200, inveta inaona 164. Kwa waya wa milimita 4 mraba umbali huohuo, upotevu wa ampea 25 ni volti 14 tu. Milimita 1.5 ni waya wa taa, jamani, si wa kuvusha jenereta kiwanja kizima.

Kwa hiyo pima. Multimita ya kawaida yenye alama ya Hz inatosha, ila usipime kwenye jenereta peke yake. Pima pale stima inapoingia kwenye inveta, kwanza bila mzigo, halafu chaja ikiwa inavuta. Tofauti ya namba hizo mbili ndiyo itakayokuambia ugonjwa uko wapi. Volti zikiwa nzuri kwenye jenereta lakini mbaya kwenye inveta, tatizo ni waya au viungo. Zikiwa mbaya kote kote mzigo ukiingia, jenereta imelemewa. Zikiwa nzuri kote na inveta bado inakataa, tazama hezi, kisha mpangilio wa inveta. Kama hujazoea kupima sehemu zenye stima, mwite anayejua, na asimame mbele yako akusomee namba.

Mpangilio wenyewe: inveta nyingi za Kichina zinazouzwa madukani zina hali mbili za kupokea stima. Hali ya UPS hukubali volti 170 hadi 280. Hali ya vifaa vya kawaida, inayoandikwa APL kwenye kioo, hukubali 90 hadi 280. Ya pili huchelewa kidogo zaidi kubadilisha kutoka stima kwenda betri, friza haitajali lakini kompyuta inaweza kuzima. Victron nazo zina sehemu ya kuzima kazi ya UPS ili zivumilie jenereta, na sehemu ya kuweka kikomo cha ampea zinazovutwa. UPS za APC za daraja la juu huwa na kipimo cha wepesi wa kushtuka, unaweza kukishusha. Sehemu nyingi hizi zimo kwenye kijitabu ambacho fundi hutupa pamoja na boksi.

Lakini usikimbilie kulegeza mlinzi kila mara. Kwa jenereta dhaifu ni sawa. Kwa laini ya Kenya Power, uliza kwanza kwa nini anakataa. Zamani Amu ilitegemea mitambo ya dizeli, sasa stima inakuja kwa laini ya kilovolti 220 kutoka Rabai kupitia Malindi na Garsen, safari ya zaidi ya kilomita 300. Hata hivyo volti zinazoshuka nyumbani kwako jioni mara nyingi husababishwa na mambo ya karibu: transfoma iliyozidiwa, waya mrefu kutoka nguzoni, kiungo kilicholiwa na chumvi. Ikiwa ni volti 200 kila magharibi, inveta iliyolegezwa itakusaidia. Ikiwa taa za chumba kimoja zinang'aa kupita kiasi huku za kingine zinafifia, au UPS inakataa kwa sababu volti zimepanda, huenda nyutro imelegea. Zima swichi kubwa na upige 97771 ya Kenya Power. Mlinzi anayekataa stima ya namna hiyo anaokoa televisheni yako na pengine nyumba.

Na tafadhali, jenereta iunganishwe kwenye mlango wa kuingizia stima wa inveta, au kupitia swichi ya kubadilishia. Kuiunga kwenye upande wa kutoa wa inveta kutaiunguza. Kuichomeka kwenye soketi ya ukutani huku laini ya nje imeunganishwa kunaweza kumuua fundi aliye juu ya nguzo akidhani hakuna stima.

Kuna UPS zinazolaumiwa kwa kukataa stima kumbe betri zake zimekufa. Dalili yake ni rahisi: stima ikikatika, inazima papo hapo. Betri ya asidi haipendi joto letu. Makadirio ya mafundi ni kwamba kila nyuzi 10 juu ya 25 hupunguza maisha yake nusu. Usiiweke chumba cha mabati. Pia fungua vichwa vya nyaya, futa ule unga wa kijani, kaza, paka vaselini.

Kwa mzee wa kamba tulishusha chaji kutoka ampea 60 hadi 20, ambayo ni kama wati 600. Tukaweka hali ya APL kwa kuwa hana kompyuta. Tukamrudisha gavana mahali pake mpaka hezi zikasoma 51.5 bila mzigo na 50 na kitu friza ikiwa inafanya kazi. Waya wa milimita 4 aliuagiza Amu ukaja siku ya pili. Inveta ni ileile ambayo fundi wa kwanza alitaka itupwe. Sasa kabla ya kulala huenda kuangalia alama ya kuchaji kwenye kioo, na ikiwa haiwaki huzima jenereta kwanza ndipo anipigie simu.